Pazia la Bi Mashavu

Nchi ninayoisimulia haipo. Ingekuwepo nisingeisimulia, maana mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, na napenda kulala kwangu. Basi msomaji akiona mahali fulani pamefanana na kwao, kosa ni la macho yake, akapime.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo mimi nilikuwa balozi wa nyumba arobaini na moja za Mtaa wa Tupendane. Vilevile nilikuwa mwenye makochi, na hayo makochi ndiyo yaliyonipa heshima. Ubalozi wa mtaa hauna mshahara wala kiti. Makochi yangu yalikuwa matatu, ya zambarau, yenye vitambaa vya kufuma mgongoni, na mtaa mzima uliyaazima. Wakija wakwe, yanaazimwa. Akija mtu wa chanjo, yanaazimwa. Kwetu mgeni haikuti nyumba ilivyo, anaikuta inavyopenda kuonekana. Sisi hilo hatuliiti uongo, tunaliita adabu.

Siku moja, saa ya taarifa ya habari, Waziri wa Vyumba, Kumbi na Mandhari, Mheshimiwa Bandio, akalihutubia taifa. Wizara yake ilikuwa mpya. Ya zamani, ya Nyumba, ilivunjwa mwaka uliotangulia kwa kukosa nyumba.

"Ndugu wananchi," alisema, "zamani chumba kilikuwa kuta nne na mlango. Huo ulikuwa ujinga tuliorithishwa. Kuanzia leo taifa zima litakaa chumba kimoja. Mwananchi atabaki kwake, atavaa miwani tutakayompa, na papo hapo atajikuta katika Ukumbi wa Pamoja wenye nguzo za marumaru, bega kwa bega na Mtukufu Mlezi wa Taifa. Atamwona. Atampungia mkono. Na Mlezi, akipenda, atampungia."

Tukapiga makofi, kila mtu mbele ya redio yake.

Tatizo la miwani ile ni kwamba ukishaivaa huoni kwako. Unaona marumaru tupu, unapiga hatua mbili za fahari, unagonga goti kwenye kabati la vyombo. Ndiyo maana ilibidi kwanza kila chumba nchini kipimwe na kuchorwa ramani, mashine ijue kabati lako liko wapi ikuwekee nguzo mahali pake. Vyumba vyote vikishapimwa, mashine inavilaza kimoja juu ya kingine, kama mtu anayepanga vitenge. Pale ambapo sakafu iko wazi katika vyumba vyote, hapo ndipo Ukumbi. Nimeieleza kama nilivyoelezwa kwenye semina, na kwenye semina tulipewa soda.

*

Mpimaji aliyeletwa mtaani kwetu aliitwa Ngwali, kijana mwembamba mwenye malezi mazuri. Alikuwa na kamera juu ya fimbo. Unaisimamisha katikati ya chumba, inajizungusha, inamulika, inalia, kisha inasema kwa sauti ya kike ilichokiona. "Meza. Mbao." "Ndoo. Plastiki."

Habari za mgeni zilipofika, mtaa ukafanya unachokifanya siku zote. Makochi yangu yalitoka kwangu alfajiri na kuingia nyumba ya kwanza. Ngwali alipokuwa akinywa chai ya kuagwa nyumba ya kwanza, makochi yalipitia mlango wa uani kwenda nyumba ya pili. Hivyo hivyo siku tatu. Wanaume walibeba, wanawake walifuata na vile vitambaa vya kufuma, na kila nyumba ilipopimwa, mashine ilitangaza kwa furaha: "Makochi. Matatu. Zambarau." Nyumba arobaini. Kwangu, iliyokuwa ya mwisho, makochi hayakuwahi kufika, yalikuwa yamekwama mlangoni mwa jirani. Mashine ikajizungusha mara mbili, ikasema: "Kiti. Kimoja. Plastiki. Pole."

Sasa nifike kwa Bi Mashavu, maana hadithi ni yake.

Bi Mashavu alikuwa mpishi wa hospitali ya wilaya kwa miaka mingi, mwanamke wa maneno machache yenye chumvi ya kutosha. Miaka mitatu nyuma aliteleza akavunjika nyonga, na tangu hapo hakuinuka tena. Aliishi na binti yake wa mwisho, Kazija, fundi wa kushona mapazia, katika chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili. Katikati ya chumba palikuwa na pazia zito la rangi ya udongo, kazi ya mikono ya Kazija mwenyewe. Mbele ya pazia ndiko sebule, kiwanda na jiko. Nyuma ya pazia ndiko kitanda cha mama, beseni lake la kuogea, na mambo yake yote ambayo si ya watu kuyaona.

Kulikuwa na jambo jingine. Sheria ya nchi inataka kila chumba kiwe na picha ya Mlezi wa Taifa, ukutani, usawa wa macho. Kwa Kazija ukuta mmoja una dirisha, wa pili una rafu za vitambaa, wa tatu unatoa maji kila masika na mwaka juzi uliwahi kumtia Mlezi ukungu usoni, kosa ambalo adhabu yake ni miezi sita. Kwa hiyo Kazija akamchukua Mlezi, akambana kwa pini nane katikati ya pazia. Akakaa vizuri, anatabasamu, na upepo ukivuma anatikisa kichwa kama anayekubaliana nawe.

Ngwali alipofika mbele ya pazia lile, akasimama.

"Dada, huku nyuma kuna nini?"

"Kuna mama," akasema Kazija.

"Amepumzika?"

"Amepumzika."

Ngwali akainamisha macho. Mtu aliyelelewa hafunui pazia la mwanamke mtu mzima. "Basi tusimsumbue," akasema, akasimamisha fimbo yake upande wa mbele tu.

Mashine ikamulika pazia, ikamwona Mlezi, ikatulia. Walioifundisha mashine ile walikuwa watu wa Wizara, na waliifunza kwamba palipo na picha ya Mlezi pana ukuta, kwa kuwa hakuna raia mwenye akili atakayemtundika Mlezi kwenye kitambaa. Ikalia mara moja na kusema: "Ukuta. Imara."

Mimi nilikuwepo. Nilisikia, nikanyamaza. Nilidhani mashine inajua isemalo.

*

Wizara ilipovilaza vyumba vyote vya nchi kimoja juu ya kingine, Ukumbi wa Pamoja ulitoka hatua moja kwa hatua moja na nusu.

Nasikia Waziri aliomba hesabu irudiwe. Ikarudiwa, ikapungua kidogo. Hapa kitanda, pale gunia la mkaa, kule mtungi, na taifa likabakiwa na nafasi ya mkeka wa mtu mmoja. Walipofanya jaribio, viongozi wote na raia wachache wakavaa miwani wakiwa maofisini na majumbani mwao, wakakutana wote juu ya mkeka ule. Mkuu wa Majeshi alionekana amesimama ndani ya mama muuza dagaa, kapu la dagaa likichomoza katikati ya nishani zake. Mama yule, wanasema, alimwomba asogee, naye hakuwa na pa kusogea.

Ikaundwa kamati. Mtaalamu mmoja akaona kitu: ndege ilipopiga picha mapaa ya nchi, mapaa yalionekana makubwa kuliko vyumba vilivyomo chini yake. Nyumba za wananchi zilikuwa kubwa kwa nje kuliko kwa ndani. Nyumba nyingi zilikosa kipande, hapa futi sita, pale futi nane, daima nyuma ya ukuta wenye picha ya Mlezi, maana Kazija hakuwa peke yake aliyembana kwenye pazia. Wakavijumlisha vipande vyote.

"Ndugu wananchi," Waziri akasema redioni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa, "kuna ekari elfu kumi na tisa za taifa hili ambazo haziko ndani wala haziko nje. Zimefichwa nyuma ya kuta. Kuta hizo zitabomolewa na nafasi hiyo itaungwa na Ukumbi wa Pamoja. Ramani haikosei. Mlezi mwenyewe amesema: ramani haikosei. Na kwa kuwa ramani haionyeshi mtu yeyote katika maeneo hayo, watu hao wote wanapewa siku saba kuondoka."

Wakati huohuo mtaa wetu ukatangazwa Mtaa wa Mfano, kwa kumiliki makochi mia moja na ishirini ya aina moja, jambo lisilopata kuonekana hata kwenye mitaa ya mabalozi wa kweli. Kwa heshima hiyo unga wa msaada ukasitishwa nyumba arobaini. Mimi peke yangu, mwenye kiti cha plastiki, nikaendelea kuupata, na nilikula kwa haya.

*

Barua za kuondoka waliletewa mabalozi ili wabandike. Ya kwetu, ya nyumba ya Kazija, iliandikwa hivi juu: KWA: ASIYEKUWEPO. MAHALI: PASIPOKUWEPO. Nikaichukua na kopo la gundi, nikaenda.

"Hodi, Bi Mashavu."

"Karibu, Balozi," akaitika kutoka nyuma ya pazia. "Ishia hapo hapo mbele, sijajitanda."

"Nimekuja na barua."

"Nisomee. Macho yangu yamestaafu kabla yangu."

Nikasoma. Kazija alikuwa kwenye cherehani, akaacha kukanyaga. Nyuma ya pazia Bi Mashavu akauliza taratibu, kama mpishi anayehakikisha kipimo.

"Inasema mimi sipo?"

"Ndivyo inavyosema."

"Na mimi nisiyekuwepo natakiwa niondoke?"

"Ndani ya siku saba."

"Nikishaondoka, Balozi, ndiyo nitakuwa nipo?"

Kwenye semina hatukufundishwa swali hilo.

"Sikiliza," akasema. "Kitanda si kitu, kitanda kinahamishika. Lakini mimi nalishwa humu na naoshwa humu. Asubuhi na jioni mwanangu ananigeuza kama mtoto mchanga. Mkiliondoa pazia hili, mimi nitaoshwa mbele ya Ukumbi wa Pamoja. Taifa zima litavaa miwani linitazame? Nimewapikia watu uji miaka thelathini na moja, hakuna aliyeniona bila kanga yangu. Nenda kawaambie Bi Mashavu hataki mengi. Anataka stara."

Niliona aibu, nasema kweli, aibu ya kunifanya nitazame viatu vyangu. Kisha nikapaka gundi nikabandika barua, chini ya picha, kwa sababu mimi ndiye balozi na gundi nilikuwa nimeshapewa. Mtu akitaka kunicheka na anicheke.

Kesho yake Kazija akaenda Wizarani kukata rufaa. Aliporudi alinisimulia, nami nayarudisha kama yalivyo. Karani alifungua ramani, akamuuliza mama yake yuko wapi.

"Nyuma ya pazia."

"Kwenye ramani hapana pazia. Pana ukuta."

"Basi yuko nyuma ya ukuta."

"Nyuma ya ukuta ni nje. Mama yako analala nje?"

"Halali nje."

"Kwa hiyo hayuko ndani, na nje hayuko. Dada, usichezee ofisi. Njoo naye mwenyewe tumwone."

"Hawezi kutembea."

Karani akavuta droo. "Asiyeweza kutembea na asiyekuwepo," akamwambia kwa upole, "fomu yao ni moja, na zimekwisha."

*

Siku ya saba ndiyo ilikuwa siku ya uzinduzi. Wizara iliamua Mlezi wa Taifa asizinduie Ikulu, bali nyumbani kwa raia wa kawaida, ili ionekane kwamba Ikulu na kibanda sasa ni chumba kimoja. Wakatafuta kwenye ramani chumba chenye makochi matatu na ukuta imara wenye picha iliyonyooka kuliko zote nchini. Kikatoka cha Kazija. Ratiba ilisema: saa nne, Mlezi anaegemea ukuta wa mwananchi, anapigwa picha. Saa nne na nusu, ukuta unabomolewa.

Kazija alimwosha mama yake mapema, akampaka mafuta, akamfunga kanga mpya. Alikuwa analia, lakini mikono yake haikukosea fundo hata moja. Sisi tukaleta makochi.

Mlezi wa Taifa aliingia saa tano kasoro, na chumba kikajaa. Umri wake rasmi ni miaka hamsini na minne, na umekuwa huo tangu mimi nikiwa kijana. Alikuja na Waziri Bandio, wapiga picha, walinzi, Ngwali na mashine yake. Makamu wa Mlezi alibaki kwake, kama itifaki inavyotaka, akahudhuria kwa miwani, sauti yake ikitoka kwenye spika iliyowekwa juu ya cherehani. Kila mtu alivishwa miwani, na ilitangazwa kwamba kuivua kabla ya wimbo wa taifa kwisha ni kosa. Mimi sikuvishwa. Miwani haikutosha kwa mabalozi, kwa hiyo niliyoyaona niliyaona kwa macho yangu haya mabaya.

"Mlezi wetu mtukufu," akasema Waziri, akihutubia kochi kwa kuwa miwani ilimwonyesha umati pale, "umetupa maji, umetupa hewa, na leo unatupa nafasi. Sasa tunakuomba uegemee."

Mlezi aliyaona marumaru. Aliona na ukuta mweupe mbele yake, na juu yake sura yake mwenyewe ikimtabasamia. Akageuka, akakunjua mabega, akanyoosha mkono mmoja kwa taifa, na akajiachia kwa uzito wake wote.

Pazia likafunguka katikati ya mikunjo, likampokea, likarudi mahali pake. Picha haikutoka hata pini moja. Kikasikika kishindo, na beseni likalia.

Waliobaki mbele, wote wamevaa miwani, wakaona ukuta mweupe, imara, na Mlezi juu yake akitabasamu. Ila Mlezi mwenyewe hayupo. Hakuna aliyethubutu kusema. Ikabidi mashine ya Ngwali iseme, kwa sauti yake ya kike: "Mshiriki Namba Moja ametoka nje ya nchi."

Nyuma ya pazia nikamsikia Bi Mashavu.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama," ikajibu sauti tunayoijua wote, ila safari hii ilikuwa inatoka chini.

"Mimi nani?"

"Mlezi wa Taifa."

"Mlezi gani huyo anaingia kwa mwanamke mtu mzima kinyumenyume, bila hodi?"

"Samahani, mama. Mgongo umekamata. Nisaidie niinuke."

"Ningeweza kuinuka, baba, wasingeniandikia barua."

Mlezi akapaza sauti amwite Waziri. Waziri akainua mkono, machozi yakimlengalenga chini ya miwani. "Mmesikia? Sasa anatuhutubia kutoka kila upande." Chumba kizima kikapiga makofi, na kadiri Mlezi alivyozidi kuita, ndivyo makofi yalivyozidi.

Hapo spika ya juu ya cherehani ikakohoa. Katiba ya nchi ile inasema Mlezi akitoka nje ya mipaka bila kuaga, Makamu anashika nafasi mara moja. "Kwa huzuni isiyo na kifani," akaanza Makamu, na karatasi ikasikika ikikunjuliwa. Alikuwa na kiapo tayari mfukoni. Sijui kwa nini, labda alikitumia kuwekea alama kwenye vitabu. "Mimi, nikiwa na akili timamu..."

"Huyo ni Makamu wangu?" Mlezi akauliza nyuma ya pazia.

"Mimi simjui," akasema Bi Mashavu, "lakini kwa sauti, amefurahi."

"Bandio! Mwambie nipo!"

Waziri Bandio alikuwa mtu wa kazi, siwezi kumnyima hilo. Akasimama wima mbele ya ukuta usiokuwepo. "Mtukufu, kwa mujibu wa ramani, hapo ulipo hapapo."

"Basi ramani imekosea!"

"Ramani haikosei, Mtukufu. Umesema mwenyewe, na tumeyachonga kwenye jiwe."

Ngwali akavua miwani. Wimbo wa taifa ulikuwa bado haujapigwa, na alijua anachofanya. Akachukua fimbo yake, akasogea hadi kwenye pazia, akasimama pale pale aliposimama siku ya kwanza.

"Hodi, Bi Mashavu."

"Nani mwenzangu?"

"Ngwali, mpimaji. Naomba nipite nipime huko, wajue papo."

"Wewe siku ile ulirudi kwa adabu, nikakuombea dua. Leo ngoja kidogo. Nina maneno na mgeni." Kisha akashusha sauti, lakini chumba ni futi kumi, tulisikia. "Baba, mimi nipo au sipo?"

Kwenye spika Makamu alikuwa amefika "naapa kwamba nitailinda."

"Upo, mama," akasema Mlezi haraka. "Upo sana."

"Na mahali hapa?"

"Papo."

"Na barua ile?"

"Haipo. Haikupata kuwepo."

"Sawa. Ngwali, mwanangu, karibu. Geuza uso kwanza nijitande."

Ngwali akaingia akitazama ukutani. Mashine ikajizungusha, ikamulika, ikalia. "Mahali," ikasema. "Futi sita kwa kumi. Kitanda. Beseni. Wakaaji wawili." Na kwenye spika Makamu, bila kuvuta pumzi, akamalizia: "...naapa kwamba sina furaha kubwa kuliko kumsikia Mlezi yu mzima."

Wakamtoa Mlezi watu wanne. Kazija akaja kuushika mkono wa mama yake. Nje, mtaa ulipiga vigelegele, na mimi nikalia kidogo nyuma ya kochi langu, nikidhani mambo yamekwisha.

*

Jumatatu Gazeti la Serikali likatoka. Lilisema kwamba Mtukufu Mlezi wa Taifa, kwa ujasiri wake na bila kujali mgongo wake, amegundua nchi mpya ndani ya nchi. Kwa mujibu wa kifungu cha tisa, mahali papya huandikwa kwa jina la mkubwa aliyekutwa humo. Hivyo ekari zote elfu kumi na tisa za nyuma ya mapazia ni Hifadhi ya Mlezi. Wanaoishi humo wanaruhusiwa kuendelea kuwepo, kwa hisani. Na kwa kuwa mahali alipoangukia, samahani, alipofikia Mlezi ni pa kihistoria, ramani yake imeunganishwa na Ukumbi wa Pamoja, ili kila raia mwenye miwani aweze kuzuru wakati wowote, hasa asubuhi na jioni.

Wakaja mafundi, wakapigilia kibao juu ya kitanda: HAPA NDIPO MLEZI ALIPOPATIKANA. Karibu na kibao wakafunga kamera ndogo, inayotazama chini.

Siku hiyo Kazija hakumwosha mama yake. Alikaa na beseni la maji ya moto mpaka likapoa, hajui amwoshe wapi. Nilikuwa nimesimama mbele ya pazia, nimekuja kutoa pole.

"Balozi," Bi Mashavu akaniita. "Kamera hiyo inaona mpaka wapi?"

"Inaishia inapokuta ukuta, Bi."

"Ukuta ni nini?"

Nikafikiri. "Ni palipo na picha ya Mlezi."

"Kazija, mama," akasema Bi Mashavu, "kile kitambaa cha kijani cha wateja wa harusi kimebaki futi ngapi?"

"Kinatosha."

"Basi sogeza kitanda hiki pembeni, unipigie pazia la pili hapa, kati yangu na kibao chao. Futi sita zimechukuliwa na Mlezi, tupime tatu za kwetu. Na picha uibane katikati, tena inyooke, mashine iione vizuri."

Kazija alishona pale pale. Mimi nilishika pini. Alhamisi Ngwali aliletwa kuhakiki Hifadhi. Akapita pazia la kwanza, kwa kuwa sasa ni mali ya umma, akafika kwenye la pili, la kijani, na Mlezi katikati yake anatikisa kichwa.

"Dada, huku nyuma kuna nini?"

Kazija akamtazama. "Ukuta."

Ngwali akainamisha macho. Nyuma ya ukuta ule maji yalikuwa yanamwagika taratibu kwenye beseni, na mtu alikuwa anaguna kwa raha ya mgongo kukandwa. Alisikia, maana hata mimi nilisikia. Akasimamisha fimbo.

"Ukuta," ikasema mashine. "Imara."

Tangu hapo Kazija hapumziki. Anashona mchana kutwa, pazia la pili kwa kila nyumba, kuanzia Tupendane mpaka mikoani. Na picha za Mlezi zimekwisha madukani, watu wanazipangia foleni. Waziri Bandio amelitangazia taifa kwamba upendo wa wananchi kwa Mlezi wao haujapata kuwa mkubwa kiasi hiki, na kwamba wengine wanamtundika chumba kimoja mara mbili. Amesema kweli. Ila nasikia kwenye ramani mpya nchi yetu imezidi kupungua, na kamati imeundwa.

Makochi yangu nayo yako nyuma siku hizi. Ukija kunitembelea nitakupokea mbele, kwenye kiti cha plastiki, na nitakuonyesha ukuta wangu. Kama ni mtu wa kwetu, utapiga hodi mara ya pili.